Kiasi na Kujinyima

Tulikuwa tukiwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu maana ya methali isemayo kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono, akauliza: "Na yule mwenye chakula nyumbani lakini akaa na njaa kwa hiari yake, Mwalimu, tumweke upande gani?" Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, wala hatukujibu. Tulisema kwamba swali ni zuri na kwamba kipindi kimekwisha, hali dakika kumi zilikuwa zimebaki.

Binti yule hakujua kwamba alikuwa akituuliza habari zetu. Kwa muda wa miaka kumi na minne tuliishi kwa kujinyima chakula. Katika mtoto wa meza yetu mlikuwa na daftari ambamo tuliandika kila asubuhi uzito wa mwili. Tuliacha wali, kisha mkate, kisha matoke, ambayo huku kwetu Uganda mtu akitaja chakula wengi hufikiri kwanza hayo. Kila mara tulikonda. Na kila mara, baada ya miezi michache, tulinenepa kupita tulivyokuwa awali. Wenzetu katika chumba cha walimu walitusifu kwa nidhamu, nasi tukajiona watu wenye kiasi.

Je, kujinyima ndiko kuwa na kiasi? Aristotle, alipofundisha habari za maadili, alitoa mfano wa Milo, mpigana mieleka mashuhuri. Ikiwa ratili kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, mkufunzi hatasema kwamba kila mtu basi na ale sita. Kwa maana sita hazimtoshi Milo, na zamzidi yule aanzaye mazoezi leo. Kiasi, kwa hiyo, si hesabu ya katikati iwezayo kuchapishwa na kugawiwa watu wote. Mwanafalsafa huyo aliongeza kwamba watu wanaopungukiwa katika kufurahia chakula na vinywaji ni adimu mno, hata hawana jina. Lau angaliishi katika zama zetu, angalilazimika kuwatafutia jina, tena upesi.

Lugha yetu yenyewe ingalitufundisha lau tungaliisikiliza. Mzee aliyeona mengi twasema amekula chumvi nyingi. Aapaye hula kiapo. Aliyepoteza mali hula hasara. Hata wapangao uovu hula njama. Kula, kwa msemaji wa Kiswahili, ni kulipokea jambo mpaka ndani ya nafsi, liwe jema au baya. Ama kujinyima, ndani ya neno hilo mna watu wawili, mnyimi na mnyimwa. Mtu mmoja huwa tajiri bakhili na maskini aombaye, mkono wake mmoja wanyoshwa na wa pili waufukuza. Hatudhani kwamba nyumba ya namna hiyo yaweza kuwa na amani.

Yaliyotupata yalikwisha pimwa zamani. Mwezi wa Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake walianza kuwachunguza vijana 36 waliokuwa wamekataa kupigana vita kwa ajili ya dhamiri zao, wakajitolea kushindishwa njaa ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioangamia kwa ukosefu wa chakula. Kwa majuma 24 walipewa takriban nusu ya chakula chao cha kawaida, yaani kalori kama 1,570 kwa siku: viazi, kabichi, mkate na kadhalika. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini yaliyotushtua sisi tuliposoma si mifupa yao, bali mienendo yao. Walikuwa wepesi wa hasira, wakawakwepa marafiki, wakaramba sahani. Na wengine, ambao hapo kwanza hawakujali mapishi, walianza kukusanya vitabu vya upishi na kuvisoma usiku. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula na kula wasipate kushiba. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1950. Ile karatasi tuliyokuwa tukiifuata sisi ilituruhusu kalori 1,200. Nasi pia tulikuwa tukikata maelezo ya mapishi magazetini na kuyasoma kitandani, tukidhani ni upuuzi wetu wenyewe.

Tena mwaka 1975 Herman na Mack waliwapa wasichana wa chuo maziwa matamu yaliyokorogwa, kisha wakawawekea aiskrimu wale wapendavyo. Wasiokuwa na desturi ya kujinyima, baada ya maziwa, walikula aiskrimu kidogo. Waliozoea kujinyima walikula zaidi baada ya maziwa kuliko wenzao wa namna hiyo hiyo ambao hawakupewa kitu. Ukuta ukishabomoka tofali moja, mlinzi hutupa mkuki na kwenda zake. Twaijua hoja hiyo ya moyoni: siku imekwisha haribika, basi na iharibike yote, kesho tutaanza upya.

Lililotutoa katika njia ile, hata hivyo, halikuwa kitabu. Tulikwenda kijijini kumwamkia shangazi yetu. Alikuwa amepika matoke kwenye majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga. Tulisema, "Ahsante, Shangazi, tumeshiba." Tulikuwa hatujatia kitu kinywani tangu jana yake. Akatutazama kitambo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa mkongwe aliyeamka alfajiri kumenya ndizi. Tulikuwa tumemdanganya, na tulikuwa tumeukataa mkono wake. Yote mawili kwa ajili ya tarakimu ya daftarini.

Huenda msomaji akatukumbusha saumu. Dini zimefunga tangu kale, na hatuna neno juu ya hilo. Bali tazama tofauti. Mwenye kufunga Ramadhani ana magharibi, ana futari na jirani wa kufuturu naye, na mwisho wa mwezi ana Idi. Njaa yake inamkumbusha mwenye njaa. Njaa yetu sisi haikumkumbusha mtu yeyote ila sisi wenyewe, wala haikuwa na Idi. Tuliwapita wanafunzi waliopanga foleni ya uji saa nne, na tulichokiona ni sukari iliyomo ujini.

Hatusemi kwamba kila mtu ale ovyo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu hana budi kumsikiliza daktari wake, na yule aliyedhoofika kwa kukataa chakula ahitaji tabibu, si makala. Twasema habari za wale wasioagizwa na mtu.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kuacha. Tulianza kwa kula mara tatu kwa siku, kwa saa zake, hata siku tuliyojiona tumezidisha jana; hasa siku hiyo. Tulimpa jirani mzani. Vyakula tulivyoviita haramu tukaviweka mezani kimoja kimoja, na ajabu ni kwamba mkate, ulipoacha kuwa mwiba, ukawa mkate tu. Kushiba hatukukutambua kwa miezi mingi. Ilitulazimu kuuliza tumbo kama mgeni anavyoulizia njia. Tulinenepa kidogo, kisha mwili ukatulia mahali ulipopataka wenyewe. Hofu haikutoka yote. Bado zipo asubuhi ambazo mkono hutafuta daftari.

Kwa shangazi tulirudi, tukala, tukaongezewa. Hakusema neno juu ya safari ile ya kwanza. Alitusogezea tu bakuli la mchuzi. Binti yule alikwisha maliza shule kabla hatujapata ujasiri wa kumjibu. Daftari tunalo. Kurasa zake zilizobaki tupu twaandikia majina ya vyakula ambayo wanafunzi hutuletea kutoka makwao, pamoja na namna kila kimoja kinavyopikwa, maana kamusi zetu zimeyasahau mengi. La juma lililopita ni luwombo.