Bingwa Alikuwa Nani?

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya sabini, tena cha rangi, lakini mkazi wa Tandika au Mwananyamala aliyetaka kuangalia filamu alikuwa na njia mbili: kwenda jumba la sinema mjini, au kumtafuta mtu mwenye deki. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na mwaka uliofuata akaingia madarakani Mzee Mwinyi na ruksa zake. Deki zikaanza kushuka nchini. Haukupita muda mrefu, mabanda ya video yakaota Temeke na Kinondoni: kuta za mabati au matofali, mabenchi ya mbao, gunia au blanketi dirishani ili mwanga usiingie, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki ratiba ya siku.

Pamoja na sinema za Kihindi na za karate ikaja mieleka ya Wamarekani. Baadaye ulizuka ufundi wa kutafsiri filamu kwa sauti, na marehemu Kapteni Mukandala, ambaye jiji zima lilimjua kama Lufufu, akawafanya Wachina na Wamarekani waongee Kiswahili cha uswahilini. Mieleka haikumngoja mtafsiri. Mtu akinyanyuliwa juu na kubwagwa chini, kila aliyekaa kwenye benchi ameelewa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kigumu kukielewa, nacho ndicho kilichonikaa moyoni mpaka leo. Kaseti zile zilikuwa nakala ya nakala. Hazikuwa na jalada wala maelezo. Ubavuni palibandikwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: "Mieleka 4", au "Mieleka mpya", na ile mpya huenda ilikuwa na miaka mitano. Picha ilichuja, mistari ikapita katikati ya skrini, na mwenye banda akalazimika kufungua mfuniko wa deki na kufuta kichwa chake kwa pamba yenye spiriti huku watu wakimpigia kelele. Tarehe hazikuwepo. Jumatatu Hulk Hogan ndiye bingwa, Jumanne Ultimate Warrior, Jumatano mkanda uko tena kiunoni kwa Hogan, na Alhamisi anatokea mtu mwenye masharubu na miwani, Randy Savage, naye ni bingwa. Nani alianza? Nani alimpokonya nani?

Vijana waliokaa kwenye mabenchi yale walifanya kazi ya wanahistoria bila kuitwa hivyo. Walilinganisha urefu wa nywele za Hogan. Walimtazama mwamuzi kama amezeeka. Walibishana mpaka njiani kurudi nyumbani, na kesho yake mmoja akaja na ushahidi mpya kutoka banda la mtaa wa pili. Pale ambapo Hogan analazwa na Andre the Giant, mwamuzi anahesabu hadi tatu ilhali bega la Hogan limeshainuka, banda zima lilipaza sauti: rudisha nyuma! Mwenye banda akarudisha, na watu wakalitazama bega lile tena na tena kama mashahidi mahakamani. Ninawaheshimu watu wale. Hawakukubali kuambiwa tu kwamba fulani ni bingwa. Walitaka kujua ameupataje ubingwa huo.

Mpangilio waliokuwa wakiutafuta leo unajulikana na umeandikwa. Mkanda ule ulianza mwaka 1963, bingwa wa kwanza akiwa Buddy Rogers. Tarehe 17 Mei mwaka huohuo, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mhamiaji kutoka Italia aitwaye Bruno Sammartino alimshinda kwa sekunde 48. Akaushika mkanda siku 2,803, hadi Januari 1971. Hogan aliupata kwa Iron Sheik, Mwirani, tarehe 23 Januari 1984. Pambano la bega lilikuwa la tarehe 5 Februari 1988, na matokeo yake ubingwa ukabaki wazi, ukachukuliwa na Savage mwezi uliofuata. Warrior alimshinda Hogan kule Toronto tarehe 1 Aprili 1990. Mwaka 2006 kampuni yenye mkanda huo ikatoa seti ya DVD tatu za historia ya ubingwa wake, na kijana wa Temeke mwenye fedha kidogo angeweza hatimaye kuona kwa mfululizo yale ambayo kaka zake waliyaunganisha kwa kubishana.

Lipo pambano moja katika historia hiyo ninalolipenda kuliko yote. Tarehe 12 Oktoba 1992, mjini Saskatoon, Kanada, Bret Hart alimshinda Ric Flair na kuwa bingwa kwa mara ya kwanza. Halikurushwa kwenye televisheni. Shabiki wa Marekani aliyetaka kuliona alilisubiri litoke kwenye kaseti, sawasawa na shabiki wa Mtoni Mtongani.

Hapa msomaji ataniuliza: kwani si yote ni maigizo? Ni kweli. Mwaka 1989 wenye biashara hiyo walikiri wenyewe mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani, na mshindi hupangwa kabla watu hawajaingia ulingoni. Wamekwenda mbali zaidi ya hapo. Mkanda wao wa pili kwa heshima, ule wa mabara, ulianza mwaka 1979 kwa Pat Patterson, na watazamaji waliambiwa kwamba ameushinda kwenye mashindano yaliyofanyika Rio de Janeiro. Mashindano hayo hayakuwahi kufanyika. Hapakuwa na ukumbi, wapinzani wala mwamuzi. Hata hivyo Patterson na Rio yake wamo kwenye orodha, wanasimuliwa hadi leo, na kila aliyeuvaa mkanda ule baada yake anahesabiwa kuanzia hapo.

Jambo hilo limenifikirisha kuliko nilivyotarajia. Uongo uliotunzwa vizuri umedumu, na ukweli mwingi sana uliotokea karibu nasi umetupotea kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuutunza. Sisemi uongo ule ni mwema. Ninachosema ni kwamba kutunza ni kazi, ni tabia, tena ni maadili. Mtu anayeandika jina na tarehe anamtendea haki mtu ambaye huenda hatamwona maishani.

Anayetunza ndiye pia anayeamua sisi tutaonekana vipi. Katika kaseti zile alikuwemo jitu moja lenye tumbo kubwa lililopakwa rangi ya nyota na mwezi, miguu mitupu, amevaa nguo ya kujifunga kiunoni, ameshika mkuki. Aliitwa Kamala, na watangazaji walimtambulisha kuwa Mganda. Mwishoni mwa mwaka 1986 na mwanzoni mwa 1987 alizunguka akipambana na Hogan kuugombea ubingwa. Masimulizi ya mwanzo yaliyotengenezwa juu yake yalidai kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Kweli yake ni kwamba aliitwa James Harris, alizaliwa jimbo la Mississippi, na aliwahi kuendesha malori. Mwaka 1982, kule Memphis, watu waliona biashara katika mwili wake mkubwa wakamtengenezea Uganda ya kubuni.

Fikiria maana ya jambo hilo kwa mtazamaji wa Temeke. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978. Kampala iliangukia mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa na kaka na baba waliokwenda vitani, na wengine hawakurudi. Mzee mmoja jirani yetu, aliyewahi kufika Masaka na Kampala akiwa askari, alimtazama Kamala kwa muda, akasema kwa utulivu, "Wanangu, mimi nimekaa Uganda. Hakuna mtu anayevaa hivyo." Banda likanyamaza kidogo. Halafu pambano likaendelea, na nakala za kaseti zikaendelea kuzunguka, mji hadi mji. Maneno ya yule mzee hayakurekodiwa popote.

Simwonei kinyongo Harris. Alikuwa mtu maskini aliyetafuta riziki kwa umbo alilopewa, na mwisho wake ulikuwa mgumu: kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020. Lawama yangu ni kwa waliojua kwamba hayo si kweli wakayauza kama Afrika.

Miaka mingi baadaye alikuja Kofi Kingston, aliyezaliwa Ghana. Alipoanza mwaka 2008 alitambulishwa kuwa Mjamaika, na hata lafudhi akapewa. Karibu miaka miwili ikapita kabla hajaachwa kuwa Mghana mbele ya kamera. Tarehe 7 Aprili 2019, New Jersey, alimshinda Daniel Bryan, akawa bingwa wa kwanza wa mkanda ule kuzaliwa Afrika. Mwezi Oktoba mwaka huohuo akapokonywa na Brock Lesnar kwa sekunde zisizofika kumi. Matokeo yalipangwa, nalijua hilo. Lakini nilifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi, kwa sababu safari hii jina la nchi aliyotoka mtu lilitajwa kama lilivyo.

Sasa tugeuke tujitazame. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, bondia wetu Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati akarudi na medali ya fedha, nyuma ya Mwingereza John Conteh. Ngumi zile hazikupangwa na mtu. Ni vijana wangapi wa Keko wanaojua jina lake? Mbio za Filbert Bayi za mita 1,500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, zilizovunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, tunaziona hadi leo kwa sababu waliozipiga picha kule New Zealand walizihifadhi. Bondia Rashid Matumla alijaza ukumbi wa Diamond Jubilee na akawahi kushika ubingwa wa dunia wa WBU. Muulize kijana wa Manzese akutajie orodha ya aliowapiga na waliompiga. Atashindwa, lakini atakutajia mabingwa wa mieleka wa Marekani kuanzia Hogan bila kukwama.

Simlaumu kijana huyo. Amejua alichoonyeshwa. Kaseti za mapambano yetu zilirekodiwa pia, maana miaka ya tisini kamera za video zilikuwepo mpaka kwenye harusi na ngoma za uswahilini. Zimekaa kwenye makabati na maboksi chini ya vitanda, na joto la Dar es Salaam na ukungu wa masika vinazila polepole. Nyingine zilifutwa ili irekodiwe filamu. Deki zenyewe zinakwisha, na mafundi wanaojua kuzifungua ni watu wazima sasa.

Ombi langu ni kwa aliyekuwa na banda, aliyekuwa promota wa ngumi, mpiga picha wa harusi aliyewahi kualikwa ulingoni, na mjane wa bondia aliyeachiwa boksi asilojua lina nini. Usizitupe kaseti hizo. Tafuta fundi azihamishie kwenye kompyuta wakati bado zinazunguka. Baraza la Michezo la Taifa na Maktaba Kuu watenge chumba cha kuzipokea. Na kabla hujazipeleka, bandika karatasi ubavuni uandike siku, ukumbi, aliyeshinda na aliyeshindwa.