Sababu ya Safari

Kwenye simu yangu kuna video ambayo vijana wa kikundi chetu wameitazama mara nyingi kuliko mechi yoyote ya mpira, na ndani yake hakuna kinachotokea. Mzee mmoja yuko peke yake kwenye boti, nchini Uingereza, katika mto Stort. Asubuhi anaondoka mji wa Bishop's Stortford. Jioni anafika pale mto huo unapoingia mto Lea. Ni kama kilomita 22. Basi.

Boti yenyewe ni ya ajabu. Upana wake ni mita 2 na kidogo, lakini boti za aina hiyo zinaweza kufika urefu wa mita 20 na zaidi. Zamani zilibeba makaa ya mawe zikivutwa na farasi aliyetembea kando ya maji. Leo zina injini, na wengine wamezifanya nyumba. Mwendo hauruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, karibu kilomita 6. Mama anayewahi mgao wa chakula angeiacha nyuma kwa miguu.

Njiani kuna vyumba 15 vya maji vyenye malango, vya kuishusha boti kidogo kidogo. Mtu akiwa peke yake, kazi ni kubwa. Anafunga kamba, anashuka, anazungusha chuma ili maji yaingie, anasukuma lango kwa mgongo, anaingiza boti, anayaachia maji upande wa chini, anatoka, halafu anarudi kufunga lango alilopita. Nguvu haisaidii: lango halifunguki mpaka maji ya pande zote mbili yalingane.

Kwenye lango la tatu mvulana mmoja wa miaka 16 akauliza: "Kaka, huyu anaenda kufanya nini huko?"

Nikamjibu: hana anachoenda kufanya. Anaenda tu.

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, halafu kicheko kikanikwama.

Miezi michache kabla, mvulana huyo huyo alikuja nimsaidie kuomba kibali cha kutoka kambini siku moja. Alitaka kuuona mto Malagarasi. Wazazi wake walivuka Ziwa Tanganyika usiku, na hadithi hiyo anaijua yote, lakini yeye amezaliwa hapa na mto mkubwa hajawahi kuuona. Penye "sababu ya safari" alitaka kuandika: kuona mto. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo si sababu, andika hospitali. Akaandika hospitali. Akakataliwa, maana hakuwa na karatasi ya daktari.

Tangu hapo najiuliza: je, mtu lazima awe na sababu ndipo atembee?

Kuna watakaosema yule mzee ana uhuru, sisi tuna sheria. Si kweli. Naye ana sheria nyingi. Boti lazima iwe na leseni na bima. Tena, boti isiyo na maegesho yake ya kudumu kwa kawaida hairuhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo. Yaani kule mtu anaambiwa sogea, huku tunaambiwa kaa! Lakini ukiangalia vizuri, sheria zake zinamuuliza anasafiri vipi: kwa mwendo gani, kwa chombo gani. Hakuna anayemuuliza kwa nini ameamka akatamani kwenda. Kuulizwa vipi ni kulinda wengine. Kuulizwa kwa nini, kila siku, kwa kila kitu, kunamfanya mtu aone kwamba yeye peke yake hatoshi mpaka alete ushahidi.

Sitaki kuwaonea wenye mihuri. Nchi iliyotupokea ina usalama wake wa kulinda, na watu wake nao wana shida. Pia kuna mahali ambapo sababu ni haki kuulizwa. Gari likiwa moja na wagonjwa wawili, lazima tuulize nani amezidiwa. Lakini mto haupungui ukitazamwa.

Yule mzee alisema jambo jingine ambalo limenikaa. Boti ikisimama, usukani haushiki. Unaweza kuugeuza upendavyo, boti haikusikii mpaka iwe inakwenda. Kila wiki mimi nawafundisha vijana kupanga maisha na kufanya maamuzi. Nawapa usukani, na boti imefungwa kamba.

Hata hivyo kosa ninalolijua vizuri ni langu. Ofisi ilikataa karatasi. Mimi nilikataa hamu ya mtoto, tena nikamfundisha uongo juu yake. Ndiyo maana alipomwona mzee wa watu anafurahia maji, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile la kwenye fomu. Alilipata kwangu.

Juzi tumekaa tukaandika ombi upya. Penye sababu ya safari tumeweka: kuuona mto Malagarasi na kurudi jioni. Bado hatujajibiwa. Ninyi mnaofanya kazi mezani, mkiikuta karatasi hiyo, msidhani kijana amekosea kujaza. Amejaza kila kitu.