Aanzaye Upya Asiwe na Pupa

Huku Nyakatuntu twawaona watu waanzao maisha upya: huyu amerudi kutoka mjini, yule amefiwa na mumewe, mwingine ameacha pombe. Wengi wataka kuyarudisha yote yaliyopotea katika msimu mmoja. Lakini shamba latufundisha njia nyingine. Maharage huiva kwa miezi 3. Mgomba huzaa baada ya mwaka au zaidi. Kahawa hutaka miaka 3 au 4. Mkulima huvipanda pamoja, akila maharage huku akiingojea kahawa. Je, huyo ni mvivu? Sivyo. Mvivu hapandi kitu. Mwenye pupa hupanda asichoweza kupalilia, kisha hukata tamaa. Basi kila jioni tujiulize: Kazi ya leo imetimia? Ikiwa imetimia, tulale.