Kisomeni kwa Sauti

Ikiwa kikundi chenu cha kusoma vitabu kinatafuta riwaya ya kujadili, chukueni Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Aliiandika kwa Kikuyu mwaka 1978, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani, juu ya karatasi za chooni. Mwaka uliotangulia, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walikuwa wameigiza tamthilia kwa lugha yao wenyewe, na serikali ikatishika, ndipo ikamweka kizuizini.

Ndani ya riwaya, masaibu ya binti aitwaye Warĩĩnga yanasimuliwa na mpiga gĩcaandĩ, msimulizi wa jadi anayesita kuyaanika hadharani. Mama mzazi wa binti ndiye anayemsihi aseme. Hapo mjadala wenu utakolea: je, msimulizi ana haki ya kunyamaza watu wanapomdai ukweli? Mimi nasema hana.

Kitabu kilipotoka mwaka 1980, familia zilikusanyika jioni, mmoja akasoma, wengine wakasikiliza. Hata kwenye baa kilisomwa. Asiyejua kusoma hakuachwa nje ya hadithi iliyomhusu.

Nanyi kisomeni kwa sauti, na mwalikeni jirani ambaye hajawahi kushika kitabu.