MKUBWA NI JALALA

Wahenga walisema: mkubwa ni jalala. Maneno ni mafupi, na picha yenyewe haipendezi. Kwani jalala ni mahali pa kutupia taka za mji mzima, wala hakuna apendaye kujenga nyumba karibu nalo. Lakini mji usio na jalala hunuka wote. Taka zisipopata mahali pake huenea njiani, uani na hata jikoni, na mwisho wake ni maradhi. Ndivyo ilivyo jamii isiyo na mkubwa wa kupokea: lawama, magomvi na uchungu wa watu huzagaa kutoka nyumba hata nyumba, na hakuna anayepona.

Leo twasema na wale wote waliokabidhiwa wenzao. Katika parokia ya Kate, kama katika parokia zote za uwanda wa Ufipa, watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani: katekista wa kigango, kiongozi wa jumuiya ndogondogo, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, mweka hazina wa chama cha ushirika, tena baba na mama katika nyumba yao. Kila mmoja wao amepewa kiti. Swali letu ni moja tu: mateso yanayoambatana na kiti hicho, ni nani ayabebe?

Mtakatifu Marko, katika sura ya kumi ya Injili yake, atusimulia jinsi wana wawili wa Zebedayo walivyomwendea Bwana Wetu wakaomba viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Yezu Kristu hakuwakaripia kwa kupenda viti. Aliwauliza kama waweza kukinywea kikombe chake. Kisha akawakusanya wote kumi na wawili, akawafundisha kwamba wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa mabavu, bali kwao isiwe hivyo. Atakaye kuwa wa kwanza awe mtumwa wa wote, kwa mfano wa Mwana wa Mtu aliyekuja kutumikia na kuutoa uhai wake. Basi tuangalie vema: kiti na kikombe havikutenganishwa. Atakaye kimoja achukue na kingine. Na usiku ule wa karamu ya mwisho, Mwalimu hakuwaamuru wanafunzi waoshane miguu huku yeye amekaa akitazama. Aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akainama yeye kwanza.

Kanisa halikulisahau somo hilo, ijapokuwa watoto wake hulisahau mara kwa mara. Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba kazi waliyokabidhiwa maaskofu ni utumishi wa kweli.

Hata hivyo, yatupasa kuondoa kosa moja lililo kubwa, ambalo huvaa vazi la uchaji. Wapo viongozi wapendao sana kuhubiri uvumilivu, lakini uvumilivu wanaouhubiri ni wa watu wengine. Mjane amenyang'anywa shamba la marehemu mumewe. Aenda kwa mkubwa kulia, naye aambiwa: vumilia mama, chukua msalaba wako. Mgonjwa amelala sakafuni tangu alfajiri bila kuangaliwa; aambiwa: tolea mateso yako kwa Mungu. Maneno ni matakatifu, lakini mahali yanaposemwa ni pabaya. Mkubwa huyu ameigeuza methali ya wahenga. Yeye hakubali kuwa jalala. Amemfanya mjane kuwa jalala lake.

Kristu hakufanya hivyo hata siku moja. Hakumwambia mwenye ukoma aupende ukoma wake, wala kipofu afurahie giza, aliwaponya. Naye mwenyewe, kule Gethsemani, hakuyatafuta maumivu kana kwamba ni kitu kizuri. Aliomba kikombe kimwepuke, kisha akayatii mapenzi ya Baba. Hapa ndipo tupatapo kanuni ya utumishi wa Kikristu: mateso ya mwenzako, fanya bidii kuyaondoa, na mateso yatakayokupata wewe kwa sababu ya kumwondolea mwenzako yake, yapokee wala usiyakimbie. Atakayeichanganya kanuni hii, akayaondoa ya kwake na kuyahimiza ya wenzake, ameacha kuwa mchungaji.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kule chini kwetu, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, iko misioni kongwe ya Karema, ambayo leo ni ya Jimbo la Mpanda, lakini zamani ilikuwa makao makuu ya jimbo hili letu, lililobadilishwa jina mwaka 1969 na kuwa Jimbo la Sumbawanga. Huko Karema alifika mwaka 1889 kijana mmoja Mwafrika, jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wafanyao biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa kama mbuzi. Huko Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha. Na Kardinali Lavigerie akampeleka pamoja na vijana wengine katika kisiwa cha Malta kujifunza uganga, ili wawe madaktari na makatekista wa Afrika ya ndani.

Tumfikirie kijana yule. Amepata elimu ambayo Waafrika wachache sana wa siku zake waliipata. Aliyaonja mateso ambayo hakuyachagua, nayo yalikuwa mengi. Kama angalisema kwamba zamu yake ya kuteseka imekwisha, na sasa ni zamu ya kustarehe, ni nani angalimlaumu? Lakini alikwenda Karema na msafara, akakaa. Alimwoa Agnesi, binti wa nchi hii, na mwana wao Yosefu akawa padri mwaka 1923. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukaondoka, vita vikuu viwili vilipita, Waingereza wakatawala, naye Atiman alikuwa pale pale akitibu vidonda, akikata na kushona, akiwafundisha katekisimu wale aliokwisha kuwaponya. Alifariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Hesabuni wenyewe: miaka 67 mahali pamoja.

Mtu huyu hakuwa padri, hakuwa chifu, wala hakuwa na askari wa kumtangulia. Walakini ni wakubwa wangapi wa siku zile ambao majina yao yamesahauliwa kabisa? Jina la Atiman limebaki, hata hospitali ya Jimbo mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Sababu ni nyepesi. Aliyekuwa amefungwa kamba utotoni hakuwahubiria wengine uzuri wa kamba. Aliyatumia maumivu yake kuyatambua maumivu ya mwenzake upesi, na alipoyatambua aliinama kuyafunga. Mateso aliyofanyiwa na waovu hayakuwa wito wake. Wito wake ulikuwa ile taabu ya hiari iliyofuata: safari, homa, usiku wa kuamshwa, wagonjwa wasio na cha kulipa, na miaka ile yote bila kurudi kwao.

Labda msomaji atasema kwamba mashahidi wa dini ndio waliopokea mateso kweli kweli, na kwamba daktari aliyefia uzeeni si mfano wa msalaba. Twamwomba atazame tena. Mtakatifu Karoli Lwanga, aliyechomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alikuwa mkubwa wa vijana wa jumba la kabaka. Kabla ya siku ile ya moto alikuwa na siku nyingi za ulinzi: aliwakinga vijana wale na maovu ya jumba, aliwafundisha dini, na hatari ilipokaribia aliwabatiza wale waliokuwa hawajabatizwa. Moto wa Namugongo haukumfanya kuwa kiongozi. Ulionyesha tu kwamba alikuwa kiongozi tangu awali. Kuna moto wa siku moja, na kuna moto wa miaka 67. Mungu ndiye achaguaye ni upi utuangukie, lakini kuni zake ni zile zile: kumpenda aliye chini yako kuliko raha yako.

Sasa turudi Kate, kwenye mahindi, ulezi na maharagwe yetu. Wakati wa mavuno huja mnunuzi na gari lake, ataka gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, lakini alilipe kama gunia la kawaida. Mwenyekiti aliye mtumishi atasimama kwenye mizani na kusema hapana. Mnunuzi atanuna, atamtukana, pengine atatishia kwenda kijiji kingine. Na jioni wapo wanakijiji watakaomlaumu mwenyekiti huyo huyo kwa kuwafukuzia mteja. Huo ndio msalaba wa kiti chake. Mwenyekiti mwingine atapokea bahasha mkononi na kuwaambia wakulima wavumilie, soko ndivyo lilivyo. Wote wawili wametaja uvumilivu. Mmoja ameubeba, mwingine ameuuza.

Hali kadhalika orodha ya mbolea ya ruzuku. Mwandishi aandikaye kwanza jina la yatima na la mama mjane, na la ndugu yake mwisho, ataambiwa na ukoo kwamba hana faida. Na akae na aibu hiyo. Ni aibu yenye heshima mbele ya Mungu. Vivyo hivyo mganga wa zahanati anayeamka usiku wa mvua kwa ajili ya mama aliyeletwa na machela. Na katekista apandaye vilima katika upepo wa Juni kwenda kumzika maskini ambaye kwake hapatapikwa hata uji wa wazikaji. Mambo haya hayaandikwi popote. Lakini kwa mambo haya ukubwa wa Kikristu husimama au huanguka.

Tusipowageukia na waongozwao, tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Mkubwa kuwa jalala si ruhusa kwa wadogo kutupa ovyo. Wapo waumini wanaodai kwamba katekista awe mtakatifu, awahi, avumilie, asichoke, ila nyumba yake inavuja na watoto wake hawana sare za shule, na hakuna aulizaye. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba waihubirio Injili wana haki ya kupata riziki kwayo. Anayempenda mchungaji wake humpunguzia mzigo pale awezapo. Debe moja la mahindi, siku moja ya kumlimia, neno moja la shukrani. Tena kiongozi anayekosea aambiwe kosa lake uso kwa uso, kwa heshima, wala si kwa minong'ono ya kilabuni. Kumnyamazia mkubwa mwizi kwa kisingizio cha kuvumilia si fadhila. Ni kumwachia aendelee kuwatesa wengine, na huko ndiko tulikokataa tangu mwanzo.

Je, mtu apate wapi nguvu ya kuwa mkubwa wa namna hii? Si katika ukali wa tabia, maana wakali huvunjika. Wala si katika kusifiwa, maana sifa huisha kabla ya msimu wa kupalilia. Wazee wetu wa Ufipa walijenga malungu, zile tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma. Walijua kwamba jiwe halitoi chuma kwa kupigiwa kelele. Hutoa kwa moto unaolishwa kuni na hewa kwa subira. Kiongozi asiyesali ni tanuru bila hewa: moto wake waweza kuwaka vizuri asubuhi, lakini hautafika jioni. Misa Takatifu, ambamo Bwana ajitoa kila siku bila kudai, ndiyo hewa yake. Aliyepiga magoti mbele ya Altare hupata urahisi wa kuinama mbele ya mgonjwa.

Wala tusidhani kwamba mwisho wa njia hii ni huzuni. Aliyewaosha miguu wanafunzi wake ndiye aliyefufuka siku ya tatu, na mikono aliyowaonyesha ilikuwa ingali na alama za misumari. Hakuzificha. Zilikuwa zimekwisha kuwa heshima yake.

Basi, ndugu uliyepewa kiti, kikubwa au kidogo, jiulize kabla hujalala leo: ni nani aliyeteseka kidogo zaidi kwa sababu mimi nimekubali kuteseka? Ukiweza kutaja jina la mtu mmoja, mshukuru Mungu ulale. Ukikosa, kesho watu watakuja tena mlangoni pako na taka zao za kila siku. Wafungulie.