Kuulizwa Kabla na Kuambiwa Baadaye



Wako watu waulizao: Je! sisi tukaao Kiwalani, katikati ya nyumba zilizobanana, tuna habari gani na simba na nyumbu wa Ngorongoro? Twajibu kwamba shauri la leo si la simba. Ni shauri ambalo kila mtu mwenye shamba, au nyumba, au kaburi la mzazi wake, aweza kulielewa. Wakubwa na wataalamu wanapotaka kuitumia nchi kwa jambo jema, kama kuhifadhi wanyama na misitu, je! yawapasa kuwauliza kwanza wenyeji wakaao humo? Na wakiisha kuwauliza, neno la wenyeji lina nguvu gani?

Tena hatuko mbali na shauri hili kama tudhanivyo. Twakaa karibu na uwanja wa ndege. Wenzetu wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni wajua maana ya kuambiwa kwamba mahali pao pahitajiwa kwa faida ya nchi nzima. Nyumba zao zilifanyiwa tathmini mwaka 1997, na wengi wao walingoja malipo zaidi ya miaka 10, wasiweze kujenga wala kuhama. Hatukumsikia mtu akisema kwamba nchi haihitaji uwanja wa ndege. Walilonung'unikia ni kwamba shauri lilikuwa lao, na wao hawakuwamo ndani yake. Hata kabla yao walikuwako Wazaramo, wenye mashamba ya minazi na mikorosho pande hizi. Jina la Minazi Mirefu lingaliko, ila minazi yenyewe ni ya kutafuta.

Basi twende Ngorongoro.

Mwaka 1951 Waingereza walipoweka mipaka ya hifadhi ya Serengeti, nyanda za juu za Ngorongoro zilikuwa ndani yake, na Wamasai walikuwa wakikaa humo na ng'ombe zao. Ugomvi ukaanza mara: watu wa hifadhi walitaka wanyama peke yao, na Wamasai walitaka maji na malisho yao. Ikapatikana njia ya kugawanya. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi karatasi ya kukubali kuhama upande wa magharibi, yaani Serengeti, nao wakaahidiwa kukaa Ngorongoro. Mwaka 1959 sheria ikafanya Ngorongoro kuwa eneo la pekee, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambamo watu na mifugo na wanyama wa porini wangekaa pamoja. Mwezi wa Agosti mwaka ule Gavana Richard Turnbull aliwaambia Wamasai katika baraza lao kwamba ikitokea siku haja za watu na haja za wanyama zikapingana, za watu zitatangulia.

Tuwatazame kidogo wazee wale 12. Kwa desturi ya Wamasai, olaigwanani hasemi la kwake; husema yale ambayo rika lake limekwisha kuyazungumza chini ya mti, pengine siku nyingi, mpaka wote wakaridhika. Karatasi ya 1958 iliandikwa na watu wa serikali kwa lugha ya serikali, ikaletwa kutiwa sahihi. Twaweza kusema kwamba Wamasai waliulizwa? Kwa sheria, ndiyo, sahihi zipo. Lakini katika mazungumzo mwenye kuuliza huwa hajui bado jibu litakuwaje. Pale jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa, na nafasi ya sahihi imeachwa chini yake.

Katika siku zile zile Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege yao ndogo kuhesabu wanyama wa Serengeti. Walihesabu zaidi ya 350,000. Michael alikufa mwezi wa Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tai, naye akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba yake, aliyefariki mwaka 1987, alizikwa kando yake. Kazi yao ilikuwa kubwa, na pengine bila hiyo wanyama wengi wasingalikuwapo. Hatutaki kuwadharau. Lakini Grzimek alifundisha kwamba katika hifadhi asikae mtu yeyote, hata mwenyeji, na mafundisho yake yalisomwa Ulaya nzima. Ndivyo ilivyokuwa kwamba neno la mgeni aliyekuja kwa ndege lilifika mbali kuliko neno la mchungaji wa ng'ombe aliyezaliwa pale, ambaye naye alikuwa na hesabu zake, ila hazikuandikwa.

Hesabu hizo zilikuwa na maana gani? Wamasai walijua tangu zamani kwamba nyumbu wanapozaa haifai kuwapeleka ng'ombe katika malisho yale, maana hupata ugonjwa wa kuwaua. Wataalamu wengine waliliona hilo kama hadithi, hata ilipokuwa mwaka 1960 daktari wa mifugo, Plowright, alipovipata vijidudu vya ugonjwa huo katika damu ya nyumbu. Tena Wamasai walikuwa na desturi ya kuchoma majani makavu kwa zamu, ili majani mapya yaote na kupe wafe. Mwaka 1974 watu waliokaa ndani ya kreta walitolewa, na uchomaji ukakoma. Majani yakawa marefu na magumu, kupe wakazidi, na kufikia mwaka 2001 nyati na wanyama wengine walikuwa wakifa. Ndipo wenye mamlaka walipoanza tena kuchoma majani kwa mpango. Yaani walirudia kazi ya wale waliowatoa.

Habari kama hiyo ilitokea mbali sana, katika nchi za barafu za kaskazini. Huko Alaska wakaa Wainupiati, watu wa pwani wanaovua nyangumi kwa chakula chao tangu enzi. Mwaka 1977 baraza la mataifa lisimamialo nyangumi liliwakataza, likisema nyangumi wa aina ile wamebaki wachache mno. Wainupiati walijibu kwamba wahesabuji wanawahesabu wale tu waonekanao katika maji ya wazi, na kwamba wengine hupita chini ya barafu na mbali na pwani. Hawakuishia kulalamika. Waliunda chama chao cha wavuvi wa nyangumi, wakadai hesabu ifanywe upya, na vyombo vya kusikiliza sauti vikatiwa majini. Ikaonekana kwamba nyangumi walikuwa wengi kuliko walivyodhaniwa. Tangu hapo chama kile hushiriki katika kusimamia uvuvi wenyewe. Wamasai hawakupata chama cha namna hiyo katika mambo ya kupe na majani, na kreta ikalipa gharama.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba mwenyeji apewe nafasi kwa sababu ana maarifa tu. Hoja hiyo ni nzuri, lakini ina hatari. Siku maarifa yake yakikosea, je! atanyang'anywa nafasi? Mwenye nyumba hana haja ya kuwa fundi ndipo aulizwe kabla ukuta wake haujabomolewa. Huulizwa kwa kuwa ndiye atakayelala nje.

Wenye kupinga wana maneno, nayo si ya upuzi. Wasema kwamba mwaka 1959 wakazi wa Ngorongoro walikuwa wapata 8,000, na kufikia mwaka 2017 walikuwa zaidi ya 90,000, lakini nchi haikuongezeka. Wasema pia kwamba Ngorongoro ni mali ya taifa zima, tena tangu 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia, na kwamba watu wa Kiwalani nao wana haki katika fedha za watalii zinazojenga shule na barabara. Hayo ni kweli. Nasi hatuwezi kusema kwamba watu wachache wawe na uwezo wa kulizuia taifa zima milele.

Lakini hebu tulipime jambo hili kwa mizani yote miwili. Faida ya hifadhi yagawanywa kwa mamilioni, kila mmoja apata punje. Hasara yaangukia kaya chache, nayo ni mzigo mzima: ng'ombe, maji, makaburi, na lugha ya mahali. Mtu wa Dar es Salaam akipiga kura juu ya Ngorongoro, hapotezi kitu. Kwa hiyo kuhesabu vichwa hakutoshi hapa. Yule abebaye mzigo mzima yampasa awe na neno zito kuliko yule apataye punje. Na kama taifa litashinda neno lake, basi limshinde mbele ya macho yake, kwa sababu zilizotajwa wazi, baada ya kutafuta njia nyingine, na mbele ya hakimu asiye mtu wa upande mmoja. Hilo ndilo tunaloliona kuwa haki. Kutoka hapo kwenda chini ni kuambiwa, hata kama kuambiwa huko kumeitwa mkutano wa kushauriana, na watu wakapewa soda.

Tuitazame sasa habari ya miaka ya karibuni. Tangu mwezi wa Juni 2022 serikali iliwahamisha watu wa Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, ambako walijengewa nyumba na kupewa mashamba. Ilisemwa kwamba wahama kwa hiari, na tusikatae kwamba wako waliohama kwa furaha, hasa vijana waliochoka kuishi mahali ambapo kulima kulikuwa kumekatazwa. Lakini waliobaki walilalamika kwamba huduma za afya na fedha za shule zilipunguzwa kwao. Tukiuliza kama mtu amehama kwa hiari, haitoshi kumtazama alipopanda gari. Yatupasa kutazama alikuwa ameachiwa nini kama asingepanda. Tena huko Msomera walikuwako watu tangu zamani, na baadhi yao wakasema kwamba ardhi yao iligawiwa wageni wasipoulizwa. Kwa hiyo kosa lile lile lilifanywa mara mbili, huku na huku, na jirani mpya akawa sababu ya uchungu asioutaka.

Mwezi ule ule, kule Loliondo, mawe ya mipaka yaliwekwa kutenga kilomita za mraba 1,500 kuwa pori la akiba. Askari polisi mmoja akauawa, wakazi wakajeruhiwa, na wengine wakavuka mpaka kwenda Kenya. Twawahurumia wote, na nyumba ya askari yule vilevile. Mwaka 2024, mwezi wa Agosti, tangazo la serikali lilifuta kata na vijiji vya Ngorongoro katika orodha, hata watu wakaona kwamba hawatakuwa na mahali pa kupigia kura. Maelfu wakasimama njiani, na mahakama kuu Arusha ikalisimamisha tangazo lile. Hapo twaona jinsi neno la mtu laweza kuondolewa kabisa bila kumfunga mdomo: kwa kufuta jina la kijiji chake katika daftari.

Pana neno moja gumu zaidi, nalo ni la wenyeji wenyewe. Nani asemaye kwa niaba yao? Mzee, mbunge, chama chenye fedha kutoka Ulaya, au mama achotaye maji? Sauti zao si moja, na wanawake mara nyingi huachwa nyuma hata katika baraza la wenyeji. Wako wakubwa watumiao jambo hili kama kisingizio, wakisema, "Mnasema tuwaulize, tumwulize nani?" Lakini hata nchi nzima haina sauti moja, wala hatuoni mtu akisema kwamba kwa sababu hiyo nchi isiwe na bunge. Wogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, nao hawakuwa na sauti moja katika kila jambo. Hata hivyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwezi wa Mei 2017 kwamba walitolewa msituni bila kushauriwa ipasavyo, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Mahakama ilijua nani wa kumsikiliza.

Katika baraza la nchi za kaskazini, lililoundwa Ottawa mwaka 1996, vyama 6 vya wenyeji vina viti pamoja na mataifa 8, na yapasa washauriwe kabla ya kukata shauri; lakini wakataji ni mataifa. Ni hatua kubwa, nayo haifiki mwisho. Wasami wa Norway, ambao wengi wao ni Walutheri kama sisi, walishinda kesi mwaka 2021, mahakama kuu yao iliposema kwamba mitambo ya upepo katika malisho ya Fosen ilivunja haki zao. Walipopewa haki, mitambo 151 ilikuwa imekwisha kusimama juu ya vilima, ikizunguka.

Mwezi wa Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Wamasai huko Arusha, na mwezi wa Februari 2025 tume mbili zikazinduliwa, moja ya migogoro ya ardhi ya Ngorongoro, na moja ya uhamaji wa hiari. Hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Lakini tume ya pili ilianza kazi yake huku maelfu wakiwa wamekwisha kufika Msomera, nyumba zimejengwa, na ng'ombe wengine wameuzwa.