Kilichokosekana Machoni

Baada ya tsunami ya Desemba 2004 kuipiga Somalia, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa ripoti kwamba mawimbi yamefumua taka za sumu zilizotupwa pwani. Machi 2005, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikwenda Hafun, Bandar Beyla na Eyl, ukarudi bila kukuta alama ya sumu. Mbali kusini, kati ya Kismayo na Ras Kiamboni, Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula wanaishi kwa bahari hiyohiyo. Je, kisichoonekana hakipo?

Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, ina jibu la zamani. Maji yakitimia kulateni, takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alishika kauli kwamba najisi isiyodirikiwa na jicho, mfano ile iliyoganda mguuni mwa nzi, imesamehewa. Hakusema haipo. Alisema mja hadaiwi.

Maabara nayo ina jicho lenye kikomo. Mkemia hupima maji yasiyo na sumu, tuseme mara 10, na kila mara mashine humpa namba iliyoyumba kidogo. Hukokotoa kadiri ya kuyumba huko, akaizidisha kwa 3, kisha akaigawanya kwa wepesi wa mashine kuitikia sumu anayoitafuta. Huo ndio mstari wa kuamulia; chini yake huandika: haikugunduliwa.

Mwaka 1968 Mmarekani Lloyd Currie alionyesha hatari iliyojificha humo: sampuli yenye sumu kiasi kilekile cha mstari wa kuamulia huponyoka nusu ya vipimo. Kwa hiyo kikomo cha kugundua lazima kiwekwe juu ya mstari huo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri madini ya risasi katika maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kisima chenye 15 kikipimwa kwa mashine ambayo kikomo chake ni 20, cheti kinaweza kutoka safi na watoto wakaendelea kunywa.

Msamaha wa Nawawi haufiki hapo. Ule ulimpunguzia mja uzito wa ibada. Mwenye kumwaga taka hawezi kujifunika nao, kwani Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana. Basi mzee wa mtaa Kismayo akiletewa cheti cha maji au cha samaki, aulize kwanza kikomo cha mashine ni kiasi gani. Cheti kisicho na namba hiyo kirudishwe maabara.